Kabula aliyezifungua laptop zetu nira

Jana asubuhi laptop yangu iliganda katikati ya wasifu wa marehemu, na mkono ukaenda wenyewe kwenye simu kumpigia Kabula aje aitazame.

Jamani. Marehemu ndiye Kabula.

Akili bado haijapokea. Ijumaa alikuwa anataniana na watu koridoni, Jumapili tukaambiwa presha ilipanda ghafla na hatunaye tena.

Kwa msiomjua: Kabula alikuwa afisa TEHAMA wa ofisi yetu hapa Bariadi. Kwangu alikuwa dada, rafiki na mtani. Siku niliyoripoti kutoka Tanga aliniuliza kwetu mwanaume anaitwaje. Nikasema mgosi. "Basi huna safari ndefu," akasema, "huku utakuwa ngosha." Jina likaganda hapo hapo.

Wiki ile ile laptop niliyokuja nayo ikaanza kutambaa. Ukibonyeza herufi, unasubiri ijitokeze. Nilikuwa probation, ripoti yangu ya kwanza inasubiriwa kwenye meeting, na jasho linanitoka.

Kabula akavuta kiti, akaisalimia kwanza kwa Kisukuma. "Mwangaluka." Laptop! Halafu akanigeukia.

"Unaizima lini?"

"Kila jioni naifunga."

"Unaifunga au unaizima?"

"Si kitu kimoja?"

Alicheka mpaka akajishika mbavu. "Ngosha, kwetu ukifunga ng'ombe ndiyo umewatia nira, kazi inaanza. Wewe huyu umemfunga toka Tanga, hujamfungua hata siku moja. Analala tu na nira shingoni, hapumziki. Atatembeaje?"

Akabonyeza Restart. Ilipowaka tena akaniruhusu niandike, na herufi zikawa zinakuja kabla sijainua kidole. Ripoti ikaingia kwenye meeting, mimi nikabaki kazini.

Kuanzia hapo saa ya kutoka alikuwa anapita mlango kwa mlango akiita, "Fungueni nira!" Ofisi nzima tunazima mashine. Wageni walidhani ni maombi ya jioni.

Bosi aliwahi kumwita, browser yake ina tabs hata kusoma majina huwezi. Kabula akatazama, akauliza kwa adabu zote, "Bosi, kundi lote hili unalichunga peke yako?" Bosi alicheka hadi akavua miwani.

Msimu wa pamba feni ya laptop yangu ikawa inanguruma. Akaifungua kwa bisibisi, akatoa bonge la vumbi na nyuzi za pamba. Kumbe tulivisingizia virusi bure! Alikuwa anasema hivi vitu havichoki, tunavichosha sisi.

Na zile updates. Mimi ni mtu wa haraka, ikiandika subiri mimi nataka kuchomoa waya. Alinipiga kofi la mkononi. "Iache, inacheua hiyo. Ng'ombe anayecheua haswagwi."

Akitoka likizo kwao Nassa anarudi na sato wa kukaanga kwenye ndoo, mezani kwangu anaweka mkubwa. "Mtu wa pwani asije akasema Ziwa halina samaki." Nikimsifia sana ananiambia nile kimya, miiba haina utani.

Sasa jana. Gari la msiba liko nje, dereva anapiga honi, wenzangu wanachungulia mlangoni, wasifu haujaprintiwa na mashine imekufa ganzi. Wakasema tuondoke, utasema ya kichwani. Nilikataa. Kabula asingezikwa kwa maneno ya kubahatisha, si kwa sababu ya laptop, tena laptop yangu mimi.

Nikafanya alivyonifundisha. Nikaangalia kinachokula memory, nikakuta programu chungu nzima zinajiwasha zenyewe, nikazizuia. Nikafunga tabs. Nikasave, nikabonyeza Restart. Ikaleta update! Nje honi, ndani watu wanaguna. Nikawaambia, "Iacheni, inacheua," halafu nikalia mbele za watu.

Ilipowaka ilikuwa nyepesi. Nikaprinti, tukaondoka.

Makaburini kwao Nassa nilisoma wasifu, na mwisho nikawasimulia habari ya nira. Watu wakacheka huku wanafuta macho. Baba yake, mzee mkulima, akaomba kipaza sauti. Nikaogopa nimekosea adabu.

"Hilo neno ni la hapa nyumbani," akasema. "Huyu mtoto alikuwa ananifungulia ng'ombe kabla shamba halijaisha. Namgombeza, ananiambia, baba, wamechoka, wewe huoni? Nilikuwa siishi kumgombeza. Leo naona Mungu naye kamfungulia ng'ombe kabla shamba halijaisha. Sasa mimi nimgombeze nani?"

Mzee akarudisha kipaza sauti, akaketi.

Leo saa ya kutoka ilipofika, ofisini hakuna aliyeinuka. Kila mtu anajifanya ana kazi. Tulikuwa tunasubiri sauti. Mwisho bosi akatoka chumbani kwake, akasimama koridoni na kuita, "Fungueni nira." Aliita taratibu, lakini wote tulisikia.

Kabula, wabeja. Asante kwa kila kitu. Wengi wanakuandikia ulale salama, na mimi nakuombea usalama huo huo. Ila mwanafunzi wako najua, ulinifundisha mwenyewe, kulala tu siyo kupumzika.

Shamba tutamalizia sisi. Nira imefunguliwa, dada yangu. Pumzika.

Ngosha wako wa Tanga.