Kadi Iliyoelekeza Pasipo na Kitabu

Miaka kumi na sita nilifanya kazi na Oddlaug kwenye maktaba ya kisiwani kwetu, na mtu mbishi kama yeye sijamwona tena. Yeye alikuwa wa katalogi: zile droo za kadi ambamo kila mada ina kichwa chake, na chini ya kichwa kimoja unakuta kadi ya "tazama pia" inayokupeleka kwenye kingine. Msomaji akija na neno ambalo halimo, Oddlaug hamcheki. Analiandikia kadi siku hiyo hiyo.

Sasa, chini ya "Bata" aliweka kadi: "Tazama pia: Vibanda vya bata bahari." Ukienda huko, hola. Hakuna kitabu hata kimoja. Katika kazi yetu kadi ya namna hiyo ni aibu, naye aliiacha humo miaka tisa kwa makusudi.

"Kitabu kinakuja," alikuwa akisema.

"Kinakuja na meli gani?" namchokoza.

Kitabu kilikuwa kichwani mwa mzee Ansgar. Ndiye pekee aliyebaki anayejua kuwajengea hao bata bahari wa porini vibanda vya mawe na mbao za ufukweni, wakaja wenyewe kutaga, wakaondoka wakituachia manyoya ya kujazia mito na mablanketi. Watoto wake walishahamia Oslo. Akifa yeye, basi tena. Aliahidi kuandika, na kila mwaka akaja na udhuru mpya.

Februari 1978 mkaguzi wa maktaba, Tveiten, akaiona ile kadi. "Inaelekeza hewani," akasema. "Nikirudi Aprili nisiikute."

Oddlaug akavaa buti, moja kwa moja hadi kwa Ansgar. Nilimfuata, nisikose uhondo.

"Mzee, wanakung'oa kwenye katalogi."

"Kwani mimi nimo?"

"Mwaka wa tisa huu. Watu wanakutafuta, hawakukuti."

Ansgar akaweka kikombe cha kahawa chini. "Kuandika siwezi, binti yangu. Herufi zinanikimbia. Ndiyo maana."

Alisema kwa sauti ndogo, nami nikajuta mizaha yangu yote.

"Basi wewe sema tu," Oddlaug akamwambia. "Magnhild atachapa."

Magnhild ni mimi. Hakuna aliyeniuliza.

Wiki saba nilichapa mpaka vidole vikafa ganzi, Ansgar akisema, Oddlaug akimhoji kila jiwe linakaa wapi na kwa nini. Zilitoka kurasa arobaini na moja, na mzee alizibeba kifuani kuzipeleka kwa mfunga vitabu.

Aprili Tveiten akarudi. Akavuta droo, akaifuata kadi, safari hii ikamfikisha kwenye kadi ya kitabu. Akaenda rafuni, akarudi mikono mitupu.

"Bibi Oddlaug, kitabu chenyewe hakipo."

"Kimeazimwa," Oddlaug akasema, meno yote nje. "Binti wa Ansgar amerudi kutoka Oslo. Yeye na babake wako ufukweni tangu asubuhi, wanapanga mawe."