Mama Upande wa Pili wa Kamba

Harufu ya klorini ilitufikia kabla mama hajatufikia. Ilikaa vidoleni mwake, kwenye kitenge chake, hata kwenye kurasa za Biblia yake ndogo, na msimu ule wa mvua, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, niliichukia kama mtoto anavyomchukia mgeni aliyekuja kumchukua mzazi wake. Tuliishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi isiyo mbali sana na Lilongwe, katika nyumba ya matofali ya udongo aliyoijenga baba kwa mikono yake. Baba alikuwa fundi cherehani. Mama alikuwa muuguzi. Alisomea Bukavu na kufanya kazi huko miaka sita kabla hatujakimbia, lakini cheti chake kiliungua pamoja na nyumba yetu, na bila cheti hakuna aliyeweza kumwajiri. Alikwenda zahanati ya kambi akaomba kujitolea. Wakampa kazi ya kupima watoto uzito na kutafsiri, maana wauguzi walizungumza Kichewa na wagonjwa wengi walizungumza Kiswahili chetu cha Kongo.

Kisha kipindupindu kikaingia. Mahema mawili meupe yalisimamishwa nyuma ya zahanati, yakazungushiwa kamba ya nailoni, na kwenye mlango wa kamba pakawekwa beseni la dawa ya klorini ambamo kila mtu alitumbukiza viatu vyake akiingia na akitoka. Walitafutwa watu wa kuhudumia humo ndani. Mama aliandikisha jina lake bila kumuuliza baba, na jioni ile, tukiwa tunakula nsima, ule ugali wa Malawi, na mboga za maboga, alitueleza. Baba aliacha kutafuna.

"Mama Furaha, tuko na batoto wawili," alisema. "Bengine baende kwanza."

"Bengine njo nani?" mama aliuliza kwa upole. "Mugonjwa analia kwa Kiswahili, na muuguzi hamusikii. Nilisha kumwambia Mungu nitaenda. Siwezi kurudi kumwambia hapana."

Baba aliinuka akaketi kwenye cherehani yake, akashona shati la mtu mpaka mwanga ulipopungua. Kesho yake mama alihamia chumba kidogo nyuma ya kanisa letu, palipohifadhiwa ngoma za kwaya, ili asituletee ugonjwa nyumbani. Tangu siku hiyo tulimwona alasiri tu, sisi tukiwa nje ya kamba, yeye akiwa amesimama hatua kumi ndani, amevaa mabuti ya mpira na aproni ya plastiki, akituuliza kama tumekula. Mdogo wangu Neema, aliyekuwa na miaka minne, alikuwa akimnyooshea mikono. Mama naye alinyoosha yake, kisha akaishusha.

Kazi za nyumbani ziliniangukia mimi, kubwa ikiwa kuteka maji. Mama alikuwa amenikanya tuyateke kwenye pampu tu, hata foleni iwe ndefu vipi. Na foleni ilikuwa ndefu kweli. Ndoo zilipangwa toka alfajiri kuzunguka nyumba tatu nzima, na wanawake waligombana kwa lugha nne mbele ya mzee aliyesimamia pampu. Mimi nilikuwa na hasira ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia. Nilimkasirikia mama kwa kuwachagua wengine, nikamkasirikia Mungu kwa kumwita, kana kwamba hakuwa na watu wengine. Asubuhi moja niliipita foleni ile, nikateremka bondeni kwenye kisima kifupi ambacho watu walikitumia kumwagilia bustani. Maji yake yalionekana safi, na yalikuwa baridi. Nilimkuta pale mama mmoja mkulima kutoka Fizi, kwetu Kongo, akijaza dumu lake. Tukasalimiana, naye akanisaidia kujitwisha ndoo. Niliteka pale siku tatu mfululizo, na sikumwambia mtu.

Siku ya nne Neema aliamka akitapika. Kufikia saa sita mchana macho yake yalikuwa yameingia ndani, na nilipofinya ngozi ya tumbo lake, kama nilivyomwona mama akiwafanyia watoto wa zahanati, ilibaki imekunjika. Baba alisimamisha kabaza, zile baiskeli zinazobeba abiria, akaketi nyuma amempakata, nami nikakimbia nyuma yao kwenye matope. Mama alikuja mlangoni mwa kamba kumpokea mgonjwa kabla hajajua ni nani. Nilimwona alipomtambua. Alimchukua Neema jinsi alivyomchukua kila mtoto, akamlaza kwenye kitanda cha turubai chenye tundu katikati na ndoo chini yake, akaanza kutafuta mshipa wa kuwekea dripu. Pazia la hema lilikuwa limefungwa juu kwa ajili ya hewa, kwa hiyo niliona yote nikiwa nje. Alijaribu mara moja, akakosa. Alijaribu tena. Kisha akarudi nyuma, akamwita muuguzi Mmalawi tuliyemwita Sisita Chikondi.

"Sisita, nisaidie," alisema. "Leo mikono yangu haifai."

Sisita alipiga magoti, akaupata mshipa mguuni. "Pepani, mama," alimwambia kwa Kichewa, yaani pole, bila kuinua kichwa.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Riziki, mvulana wa miaka sita aliyeletwa asubuhi hiyohiyo. Mama yake alikuwa yule mkulima wa Fizi niliyemkuta kisimani. Alipiga magoti kando ya mwanawe akaomba kwa sauti, na mama yangu, akipita na majagi ya maji ya chumvi na sukari, aliitikia amina kwa ajili ya watoto wote wawili.

Kesho yake Neema alikuwa bado hajakojoa. Daktari alisema figo zimechoka, ni lazima apelekwe hospitali kubwa ya Lilongwe, na gari lingechukua msindikizaji mmoja tu. Sote tulidhani ni mama. Lakini asubuhi hiyo wagonjwa walikuwa wanaingia wakiwa wamebebwa kwenye mikokoteni na migongoni, na mle ndani muuguzi mwingine alikuwa Sisita peke yake. Mama alimwekea Neema mkono kichwani, akamwambia baba aende. Gari likaondoka kuelekea Lumbadzi, njia ya Lilongwe. Nilisimama kwenye kamba nikamwita mama.

"Kwa nini hukuenda?"

Mama alikuja karibu kuliko siku zote. "Lilongwe kuko badaktari. Kule ningekuwa wa kumushika mkono tu, na hiyo baba yako anaiweza. Hapa hawezi kuweka dripu."

"Na akikufa?"

"Sijui, Furaha. Mi nilifikiri nikimutumikia Mungu, naye atanilindia nyumba. Sasa naona ile haikuwa kumwamini. Ilikuwa biashara. Leo ninamwamini na woga wangu wote, na sina kitu cha kumwambia alipe."

Ndipo nikamwambia habari ya kisima. Nilisema haraka, nikiangalia mabuti yake. Alifumba macho. Nilingoja anilaani, na ningeona ni haki.

"Kuko bengine banateka pale?" aliuliza hatimaye.

"Ndiyo. Hata Mama Riziki."

"Basi enda kwa mzee wa pampu, umwambie mbele ya bantu bote. Usisubiri baba yako arudi. Enda sasa hivi. Ukirudi tutalia pamoja."

Nilikwenda. Nilisimama mbele ya ile foleni niliyoikimbia, nikasema nilichokifanya na kilichompata mdogo wangu. Mwanamke mmoja alisonya. Mwingine, aliyekuwa na maji ya kisimani, aliimwaga ndoo yake palepale, kisha akaketi chini. Kabla ya jua kuzama wanaume walikuwa wamekijaza kisima mawe na kukifunika kwa matawi ya miiba. Nilirudi kwenye kamba, na mama alilia kama alivyoahidi, yeye upande wake, mimi wangu.

Riziki alifariki asubuhi iliyofuata. Siku mbili baadaye baba, akiwa Lilongwe, alimpigia simu mchungaji wetu: Neema amekojoa, ameomba uji.

Mahema yalipoondolewa na mama akarudi nyumbani, mchungaji alimwita mbele ya kanisa atoe ushuhuda. Mchungaji akatangulia kusema Mungu amemlipa mtumishi wake. Mama alisimama akiwa amemshika Neema, akatafuta kwa macho benchi la nyuma alikoketi mama yake Riziki.

"Musiseme amenilipa," alisema. "Mama Riziki aliomba kando yangu, maneno yaleyale, pengine na imani kuzidi yangu. Kwa nini wangu alirudi na wake hakurudi, mi sijui. Nikisema najua, nitakuwa ninasema uongo kwa jina la Mungu. Ninaloweza kusema ni kwamba alikuwa na sisi mle hemani, sisi wote wawili, na kama kesho nitaitwa, nitaenda tena."

Akashuka, akaenda kuketi kwenye benchi lile la nyuma.

Leo mimi ni muuguzi Lilongwe. Nimepanga chumba mtaa wa Area 49, na cheti changu kiko ukutani, mahali ambapo mama akija hukitazama kwanza kabla ya kuketi. Neema amenizidi urefu na anashona na baba. Jumamosi narudi Dzaleka kujitolea kwenye zahanati ileile. Nina glovu za kutosha, nina simu ya kumuuliza daktari, nina vipimo ambavyo mama hakuwahi kuviona, na bado nahisi yeye alikuwa na kitu ninachokitafuta. Mimi huangalia majibu ya maabara kwanza, kisha ndipo naomba, na nguvu ya maombi yangu hufuata majibu yale. Yeye aliomba sawasawa kabla na baada.

Mvua za mwaka huu mtoto mchanga alinifia mikononi. Mama yake, msichana wa Uvira aliyefika kambini hivi karibuni, aliniuliza kwa Kiswahili cha kwetu kwa nini. Nilimweleza ninachokijua kuhusu ugonjwa ule. Aliuliza tena, na nikaelewa haulizi ugonjwa. Nikamwambia sijui. Nilikaa naye sakafuni mpaka ndugu zake wakaja kumchukua, kisha nikanawa mikono, nikaomba maneno machache nikiwa bado naogopa, nikaita mgonjwa aliyefuata.