Saa Kumi na Mbili ya Siwema

Siwema wa Ipole ni binti wa mrina asali, na kwa baba yake alijifunza jambo moja: usivune masega yote, nyuki wasije wakahama. Kwa hiyo kijiji kilipopata mtambo wa umeme wa jua, uliounganishwa na gridi ya taifa, walimchagua yeye autunze. Kazi ile inataka mtu mwenye choyo kidogo, na Siwema choyo anacho, Mungu amweke.

Utaratibu ni wake. Mchana jua lisage mahindi na kujaza betri. Jioni betri ziwashe zahanati na nyumba. Umeme wa gridi, ambao ni wa kununua, uje mwisho kabisa. Waliopenda kusaga jioni walinuna, kisha wakazoea.

Mwezi ule mumewe, Mfaume, alilazwa zahanati. Moshi wa kukaushia tumbaku ulikuwa umemharibu mapafu, akawa anapumulia mashine ya oksijeni. Jioni moja radi iliangusha nguzo, gridi ikakatika. Betri nazo, tupu! Mashine ikanyamaza. Muuguzi Josepha akaukimbilia mtungi wa oksijeni wa akiba.

Asubuhi Siwema aliikagua kompyuta ya mtambo, akaliona kosa, tena la kidole chake mwenyewe. Alitaka betri zianze kazi saa kumi na mbili jioni, akaandika 12. Lakini mtambo haujui saa zetu. Kwake kumi na mbili ni saa sita mchana. Wiki nzima betri zilimwaga umeme jua likiwa tele, na jioni gridi ikaziba pengo kimyakimya, hata asijue mtu. Alilia kwa aibu. Akafuta, akaandika 18, kisha akaenda kumwambia mumewe yote, maana hawafichani.

Siku hiyo nguzo ilikuwa bado chini, na mtungi umekwisha. Jua lilipoanza kuzama, Siwema alisimama kando ya kitanda, macho kwenye mashine. Taa zikapepesa mara moja. Mashine ikaendelea kunguruma.

Mfaume akafumbua macho. “Mama Kabula, saa ngapi sasa?”

“Kumi na mbili, mume wangu.”

“Yetu, au ya mtambo?”

Siwema akacheka huku machozi yakimtoka, akamfunika shuka vizuri.

“Yetu,” akasema.