Kijani Juu ya Daraja Lililobomoka

Bado nina hasira, na sehemu kubwa yake najielekezea mwenyewe.

Nilipomaliza chuo nilipata kibarua cha kukusanya taarifa za barabara kwa ajili ya ramani ya simu, ile inayomwonyesha dereva njia. Kwetu Bugarama niliwawekea bodaboda programu yetu, nao wakapewa bando. Simu zao zikisogea vizuri, njia inaonekana kijani, yaani inapitika.

Mvua ikabomoa daraja kwenye njia ya mkato ya kwenda Kahama. Bodaboda hawakusimama. Walitandika mbao mbili, wakawa wanavuka mmoja mmoja. Kwenye ramani njia ikabaki kijani.

Niliiandikia ofisi. Nilifuta na kuandika upya siku nzima, nikiogopa kuonekana mjuaji, na mwisho nikatuma: "Huenda magari yasipite." Huenda! Mimi niliyesimama ukingoni nikaliona shimo kwa macho yangu!

Msimamizi wangu alijibu kutoka Dar es Salaam: "Takwimu zinaonyesha watu wanapita. Tusizichezee."

Siku ya tatu nilikuwa Geita kikazi. Dada yangu alishikwa na uchungu, zahanati ikampa rufaa ya kwenda hospitali ya Kahama, wakakodi gari la dereva mgeni. Mama akanipigia.

"Ng'wanawane, mwanangu, simu ya dereva imetuleta mtoni. Daraja hakuna!"

Niliwapigia bodaboda wa kijiweni. Walifika upesi, lakini mtoto hakusubiri. Alizaliwa pale ukingoni, Mama na mwanamke mmoja mpita njia wakishika khanga kumsitiri. Ndipo bodaboda wakambeba dada kwenye kiti, wakamvusha, wakamtafutia gari ng'ambo. Alifika hospitali amepoteza damu nyingi sana. Walipona wote wawili.

Nilimpigia msimamizi, nikamweleza. Akasema, "Pole sana. Lakini wewe mwenyewe uliandika huenda."

Kesho yake nilikwenda kijiweni, nikaomba simu moja moja, nikawa naifuta ile programu.

"Msomi, na bando letu je?" mmoja aliuliza.

"Hakuna tena."

"Mbao zile hata ng'ombe anazikataa," mwenzake akasema. "Tulikuambia. Wewe ukawa unaandika tu."

Nilikuwa nimeshika simu ya mwisho wakati gari dogo jeupe lilipokunja kuingia ile njia ya mkato, dereva akitazama kioo cha simu yake. Tulilikimbilia wote, tukipiga kelele.