Siku Niliyomsifu Dresa

Mwanangu, umerudi kutoka zahanati na karatasi ya dawa mkononi, dawa zenyewe huna, na nikikuuliza unanijibu wamekuhudumia vizuri tu. Keti hapa. Umenikumbusha siku moja ya usichana wangu.

Zilikuwa zama za Mwingereza, huku kwetu bara ya Kilwa. Mama yangu alijikata na jembe mguuni, kidonda kikagoma kupona. Kila baada ya siku mbili nilimshika mkono tukaenda zahanati. Dresa wetu, yaani mhudumu wa kufunga vidonda na kugawa dawa, alikuwa Bwana Nasoro, mtu mzima wa Sudi kule pwani, aliyezoea samaki akaletwa kwetu kula kisamvu, na hakununa. Dawa ilikuwa imemwishia tangu mavuno. Basi alikiosha kile kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akakifunga kwa vitambaa vya kanzu yake kuukuu aliyoichanachana. Akimaliza humwambia mama, "Haya, tumekibembeleza tena," na mama hucheka. Mimi niliona mguu unazidi kuvimba, lakini nisikufiche, nilimpenda sana yule mzee.

Siku moja akaja daktari Mzungu kukagua, pamoja na karani wake. Mama hakuweza hata kuinuka siku hiyo, nikaenda peke yangu. Tukaulizwa mmoja mmoja: mnatunzwaje, dawa mnapata? Kila mtu akajibu vizuri, bwana, vile vile tunavyojibu salamu hata tukiwa na homa. Zamu yangu ilipofika nikawaza kwamba nikisema dawa hakuna, Bwana Nasoro atafukuzwa kazi. Nikasema, "Tunapata, bwana. Dresa wetu ni mtu mwema mno." Karani akaandika. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Alasiri Bwana Nasoro akaja kumfunga mama kitambaa. Alipomaliza akanigeukia.

"Binti yangu, nimeandika barua tatu kuomba dawa, sikujibiwa. Nilitumaini leo mtanisemea ninyi wagonjwa. Wewe umenisifu mimi, mguu wa mama yako ukausahau."

Hakupaza sauti. Afadhali angenigombeza. Nililia mpaka mama akanipapasa kichwa, akasema, "Yule bwana bado yuko kwa jumbe wa kijiji, anaondoka kesho. Nenda ukaseme upya."

Asubuhi nilikichukua kile kitambaa kilichofunguliwa mguuni jana, na usaha wake, nikaenda. Wapagazi walikuwa tayari wanafunga mizigo. Nikakitandaza mbele ya daktari.

Karani akanikata jicho. "Jana si ulisema dawa mnapata?"

"Jana nilimhurumia dresa, bwana. Leo namhurumia mama yangu."

Daktari alikitazama kile kitambaa. Pembeni kilikuwa na tarizi ya shingo ya kanzu. Akauliza hii ni bandeji gani, nami nikamweleza yote, chumvi, barua na kanzu. Akamwambia karani afute alichoandika, kisha akachukua sanduku lake akaja mwenyewe kumtazama mama. Kabla ya mvua lori likaleta dawa, na Bwana Nasoro hakufukuzwa. Mama alichechemea maisha yake yote, lakini harusini kwangu alikuja kwa miguu yake mwenyewe, na mpaka leo nikiikumbuka siku ile machozi hunitoka.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kujua kama zahanati inakutunza, usitazame upole wa mhudumu peke yake. Tazama na kidonda chako, kinapona au hakiponi. Akiwa mpole mshukuru, anastahili. Kisha sema kinachokosekana, kwa heshima, bila kumtukana mtu, na umwambie anayeweza kukileta. Mhudumu mwema ukimfichia upungufu humsaidii, unamwacha auhangaikie peke yake.

Mungu akuponye, akupe umri mrefu, na akujaalie kinywa cha kusema ukweli bila kumvunjia mtu heshima. Sasa nipe hiyo karatasi na bakora yangu. Twende tukaseme upya, nitakushika mkono.