Wanaume Waliougua Tumbo

Siku yangu ya kwanza kazini, Titulaire, ndivyo tulivyomwita mkuu wa kituo cha afya, alinipokea kwa onyo moja. "Maman, mwanaume hafunuliwe na mwanamuke. Andika tu kile anasema." Nilikuwa nimetoka Bukavu na diploma ya uuguzi, mgeni katika nchi ya wazazi wangu. Nikatii. Utii ule unaniudhi hadi leo.

Kituo kilikuwa juu ya njia iendayo kwenye daraja la mto wa mpakani, Rusizi I. Ng'ambo, kule nilikotoka, vita vilikuwa vikizimika na kuwaka tena, nasi tulifanya kazi masikio yakiwa mtoni. Wagonjwa wengi walikuwa wapagazi. Abebaye magunia kutwa huweza kupata ngiri, yaani utumbo kusukumwa ukashuka kinenani. Wengine walikuwa na kisonono, usaha utokao uumeni na mkojo unaochoma. Lakini mbele yangu wote waliugua tumbo.

Asubuhi moja akaja Faustini, mpagazi wa miaka kama thelathini. Katika ukoo wake alibaki yeye tu, na alikuwa amemposa Furaha, muuza sambaza, dagaa wa ziwani, pale mpakani.

"Tumbo, Maman." Alikuwa amejikunja, jasho linamtoka. Nikampa dawa ya minyoo.

Kesho yake walimrudisha kwa machela. Korodani moja ilikuwa imejisokota, mishipa yake ya damu ikanyongeka. Zikipita saa kama sita bila kupasuliwa, aghalabu haiokoki. Hospitalini waliiondoa, wakaishona ya pili isije ikajisokota nayo.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza.

"Nilisikia haya. Na weye hukuuliza."

Wiki ile nilitundika kitenge pembeni mwa chumba, na kila aliyesema tumbo nikampeleka nyuma yake. Titulaire alinuna. "Unatafuta nini mule?" Nikamjibu natafuta kile nilichokosa kwa Faustini.

Faustini aliniapisha nisimwambie Furaha. Alishikilia kwamba mwanaume wa korodani moja hazai, na nilipomweleza kuwa moja yenye afya inatosha, aliona namfariji tu. Harusi akaiahirisha mara mbili.

Ndipo siku moja mpagazi mwenzake akaanguka na gunia lake, kashika kinena. "Tumbo," akasema. Watu wakaanza kumtafutia chai ya tangawizi. Furaha alikuwa hapo hapo na beseni lake.

"Hapana tumbo," Faustini alisema mbele ya wote. "Ni makende. Mimi moja walikata, juu nilisemaka tumbo. Mumubebe sasa hivi."

Mwenzake alipasuliwa kabla ya adhuhuri. Hakupoteza kitu.

Mchana Furaha alinijia, mikono inanuka samaki. "Maman, moja inazalaka?"

"Inazalaka."

"Basi miezi yote ananikimbia juu ya hiyo?" Akakaa kwenye benchi, akalia kwa hasira. Wakaoana, wakapata watoto wanne.

Sasa nimestaafu, lakini kutulia sijaweza. Wanangu, mkioga jipapaseni korodani. Uvimbe mgumu, hata usiouma, upelekeni kwa daktari. Maumivu ya ghafla yaiteni kwa jina lake, na msingoje kesho. Na nyinyi wauguzi, ulizeni. Faustini alirudi, nikaliona kosa langu. Wale wengine niliowapa dawa ya minyoo walinishukuru, wakavuka daraja, wasirudi.