Sura ya mama yangu imetundikwa mapokezi ya hoteli: kunakili mchoro wa mtu ni halali?

Wakuu, assalam alaykum, na msiojibu salamu shauri yenu.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Pemba, na chumvi sitii. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana kisiwa ni kidogo na nyie midomo mnayo.

Marehemu baba alikuwa mwalimu wa skuli, na alikuwa anachora. Mikarafuu, bandari ya Wete, ng'ombe wa mchezo wakiwakimbiza vijana uwanjani, vyote alichora. Vingine akauza, vingine akagawa.

Ila iko moja hakuiuza. Alimchora mama enzi za uharusi wao, kichwa wazi, nywele zimesukwa, kanga iko mabegani. Picha hiyo ilikaa chumbani kwa mama miaka yote. Hata mashemeji hawajapata kuiona.

Sasa kwetu mnajua, Idi ikikaribia nyumba inapakwa chokaa, na kila kitu kinatolewa uani. Mwaka ule picha nayo ikatoka, ikaegemezwa ukutani na magodoro.

Kaka yangu Salim ana rafiki yake, Hamad, kijana wa Kiuyu. Mchoraji hasa, hilo simnyimi. Siku hiyo alikuja kumsaidia kupaka chokaa, akaiona. Akauliza, "Naweza kuipiga kwa simu nijifunzie?"

Kaka akamwambia piga tu, kwani mimi na wewe tuna nini.

Mama alikuwa jikoni, mimi kazini. Hatukujua kitu.

Imepita kama nusu mwaka. Mimi ni fundi cherehani, nikapata kazi ya kushona mapazia ya hoteli mpya upande wa Wawi. Jumatano nikayapeleka. Naingia mapokezi, nainua macho...

Mama!

Mkubwa kama mlango, kichwa wazi, anawatazama mafundi umeme. Na chini pembeni, jina la Hamad.

Wakuu, ni ile ile picha ya chumbani. Nilikaa juu ya furushi la mapazia.

Mwenye hoteli, Mzee Nassor, akaja anacheka. "Umeipenda eeh? Basi kesho baada ya Alasiri tunasoma dua ya ufunguzi. Mamako ndiye anayewaongoza wanawake, keshakubali."

Yaani mama ataingia kwa mlango ule, na wanawake wote wa mtaa nyuma yake. Mama ambaye hata dukani hendi bila buibui!

Nikampigia Hamad. Akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, nimechora kwa mkono wangu, rangi zangu, kitambaa changu. Nimeiba nini? Na kakako karidhia niipige nijifunzie."

"Karidhia ujifunze! Hakukwambia uza!"



Mzee Nassor naye akasema yeye kanunua kihalali, na mtu akinunua mbuzi mbuzi ni wake. Kaka ndiyo kabisa, akanifokea kwamba nataka kumuaibisha kwa rafiki yake kwa sababu ya picha. Akakata simu.

Nilikasirika, jamani. Nikaenda Chake kwa mwanasheria mmoja. Akaniambia Zanzibar tunayo sheria ya hakimiliki. Mchoro ni mali ya aliyeubuni, na akifa haki inabaki kwa warithi wake kwa miaka mingi. Kuchora upya kwa mkono wako hakukufanyi wewe uwe mwenyewe, na ukiuza bila ruhusa ndiyo umejitia matatani. Na Salim peke yake hana uwezo wa kutoa ruhusa kwa niaba ya warithi wote.

Nikatoka pale kifua mbele. Lakini kesi ni miezi, na dua ni kesho.

Alhamisi nikajaribu kumzuia mama. "Mama, jua kali leo. Kichwa hakikuumi?"

"Una nini wewe? Nipishe nipige pasi."

Basi nikamtangulia. Nikafika mapokezi, nikapanda kiti, nikachukua pazia nililolishona mwenyewe nikaanza kuifunika ile picha. Salim akaja mbio akalikamata pazia kwa chini. Namvuta, ananivuta. Hamad kasimama pembeni hajui amsaidie nani. Mzee Nassor anapiga kelele, "Mtanivunjia ukuta!"

Pazia likatoka mkononi mwangu.

Na mama alikuwa keshaingia.

Nyuma yake wanawake wakaingia mmoja baada ya mwingine. Mama akaitazama picha muda mrefu. Akaivuta mbele shela ya kichwani mwake.

"Nani kachora?"

"Mimi, Bi Asha."

"Mume wangu aliniomba ruhusa kabla hajashika brashi, na alikuwa mume wangu wa ndoa. Nikamwambia sawa, lakini isitoke chumbani. Wewe hata hodi hukupiga."

Hamad machozi yanamtoka. "Nilimuuliza Salim."

"Salim ndiye mwenye nywele hizi?"

Kaka alikuwa anatazama viatu vyake. Nami, niseme kweli, moyoni nilikuwa nashangilia.

Mama akanigeukia. "Na wewe. Tangu jana unajua. Kwa mwanasheria umefika, kwangu hukufika."

Nilitamani lile pazia nijifunike mimi.

Hamad akaiteremsha mwenyewe, akaipaka rangi nyeupe uani mbele ya mama mpaka sura ikapotea. Rangi alitoa Mzee Nassor mwenyewe. Kisha mama akaingia ndani, akaongoza dua kwa sauti ile ile ya siku zote.

Nilichojifunza wakuu: kujifunza kwa kazi ya mtu ni jambo moja, kuiuza kwa jina lako ni jingine kabisa. Ukinunua picha umenunua kitambaa na rangi, hukununua haki ya kuizalisha. Muulize mchoraji, na kama kafa waulize warithi wote. Na kama ndani mna mtu aliye hai, muulize yeye kwanza, si mwanawe.

Wachoraji na wanasheria mliomo humu, nisahihisheni nilipokosea. Na mwenye sura, sheria inampa nini? Hilo sikumuuliza yule mwanasheria.

Picha ya baba sasa mama kaifungia kashani, na ufunguo anatembea nao. Juzi nimemuomba niione.

Kanijibu, "Ntafikiri."